Mtoto Ameleta Kinyonga Nyumbani

Mvua za kwanza zikisha kunyesha na majani kuchipuka, watoto wetu hurudi nyumbani na vitu vingi mikononi: panzi waliofungwa kwa uzi, kiota kitupu cha ndege, na mara nyingine kijiti kirefu ambacho kwenye ncha yake amekaa kinyonga. Mtoto amenyoosha mkono ili kijiti kiwe mbali na uso wake, maana yeye naye aogopa. Mama akiona apaza sauti: «Mtoe hapa mnyama huyo!» Jirani aliyesikia kelele amekwisha kuokota jiwe. Mtoto yu karibu kulia: «Mama, nitamtunza mimi mwenyewe.»

Mama ana sababu ya kusita, na mtoto ana sababu ya kutaka. Mwenye jiwe peke yake ndiye asiye na sababu yoyote. Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na akina baba na akina mama juu ya mnyama huyo: atengenezewe mahali pa namna gani, anywe vipi, ale nini, na arudishwe lini kichakani. Tena twataka kusema wazi tangu mwanzo: vinyonga wengi wanaoletwa nyumbani hufa upesi, wala hawafi kwa uchawi. Hufa kwa kiu, kwa joto la chupa, na kwa kushikwashikwa na mikono mingi.

Tuondoe hofu kwanza

Kinyonga hana sumu: si katika mate yake, si katika ngozi yake, wala katika zile pembe za kinyonga wa milimani. Akikasirika hujivimbisha, hufungua kinywa na kupuliza mfano wa nyoka, na akibanwa mkononi aweza kuuma. Lakini kuuma kwake ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Yote hayo ni vitisho vya mnyama asiyeweza kukimbia.

Katika makabila mengi ya Kibantu wazee husimulia ya kwamba kinyonga alitumwa zamani kuwapelekea wanadamu habari ya uzima usiokwisha. Akakawia njiani, na mjumbe mwingine mwenye mbio akamtangulia na habari ya kifo. Wazulu wa Afrika ya Kusini wajulikana sana kwa hadithi hiyo. Ni hadithi nzuri, na yafaa kuwasimulia watoto jioni. Lakini mnyama aliyekaa juu ya kijiti hana habari nayo, na kumpiga mawe kwa sababu ya ujumbe uliochelewa si haki.

Tena kuna jambo la rangi. Mtu asiyeaminika twamwita kinyonga, au kigeugeu, kana kwamba mnyama huyu hubadili rangi kwa hila, afanane na kila kitu anachokanyaga. Sivyo. Rangi zake zafuata zaidi joto la mwili na hali ya moyo. Katika mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, huko Uswisi, walieleza jinsi kinyonga mmoja wa Madagaska anavyogeuza rangi: ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno zilizopangwa kwa safu, naye akizisogeza mbali au karibu, nuru irudishwayo na ngozi hubadilika. Ukimweka juu ya kitambaa chekundu hatakuwa mwekundu. Mwenye kumtunza na ajifunze kuzisoma rangi hizo, maana ndizo maneno ya mnyama asiye na sauti. Asubuhi yenye baridi huwa mweusi-mweusi, kwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto la jua. Akiisha kupata joto hurudia kijani chake chepesi. Usiku alalapo hupauka sana. Lakini akibaki na rangi nzito mchana kutwa, naye yumo katika joto la kutosha, hapo ana hofu au ugonjwa, na yafaa kuuliza sababu.

Nyumba kabla ya mnyama

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Mtoto amleta mnyama kwanza, ndipo jamaa nzima huanza kutafuta mahali pa kumweka: chupa ya kioo, kasha la viatu, ndoo yenye kifuniko. Wengine humfunga uzi kiunoni na kumwacha juu ya kiti. Hayo yote ni kumwua polepole. Chupa ikipigwa na jua huwa tanuri kwa dakika chache. Kasha halina nuru. Uzi hukata ngozi. Basi mtoto akija na kijiti chake, na hakuna nyumba iliyotayarishwa, jibu la mzazi liwe hili: «Mwanangu, mrudishe pale ulipomtoa. Tutajenga kwanza.» Kama shauku ya mtoto yadumu mpaka tundu limekwisha kujengwa, hiyo ndiyo dalili ya kwamba ataweza kulea. Kama imekwisha siku ya tatu, mnyama ameokoka, na mbao zitafaa kwa kazi nyingine.

Kulijenga tundu si kazi ngumu. Seremala wa mtaa, au baba mwenye msumeno, aweza kulimaliza kwa siku moja. Kimo chake kiwe kikubwa kuliko upana, maana kinyonga hupenda kupanda juu, wala si kutembea chini. Kwa kinyonga wetu wa kawaida, yule wa kijani mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis, kimo cha mita 1 na upana wa sentimita 60 kila upande vyatosha. Anayetaka kuongeza na aongeze. Kupunguza hatushauri, kwa sababu mnyama huyo hufikia sentimita 30 hivi pamoja na mkia wake.

Fremu iwe ya mbao zilizopigwa randa. Pande zote na sehemu ya juu ziwe za wavu wa waya, wala si za kioo wala za nailoni ya plastiki, kwa sababu kinyonga ataka hewa ipitayo. Matundu ya wavu yawe ya nusu sentimita hivi. Wavu wa kuku ni mpana mno: panzi watatoka wote, na nyoka mwembamba ataingia. Chandarua cha kitambaa nacho hakifai, maana kucha zake hunasa katika nyuzi, akazing'oa akijaribu kujitoa. Ncha za waya zikunjwe kwa nje na kufunikwa na kipande cha ubao. Mlango uwe mkubwa kiasi cha kuingiza mkono pamoja na tawi zima, nao uwe na komeo.

Sasa ndani. Tutazame miguu ya kinyonga: vidole vyake vitano vimeshikamana makundi mawili, viwili huku na vitatu huku, vipate kukamata tawi kama koleo. Mnyama mwenye miguu hiyo, akiwekwa juu ya sakafu laini, ni kama mzee aliyenyang'anywa fimbo. Basi tuingize matawi makavu ya unene wa kidole na mengine membamba zaidi, tuyapange kwa mshazari kutoka chini mpaka juu, tuyafunge kwa kamba yasiteleze. Kisha mti hai katika chungu: haibiskasi ya uani, au mpera mchanga. Majani yatampa kivuli na maficho, nayo yatashika matone ya maji. Oleanda tusiitie kamwe, ni sumu. Wala mnyaa, ambao utomvu wake waweza kuunguza macho. Na majani yaliyopigwa dawa ya wadudu yaachwe mbali kabisa.

Tundu lisiwekwe chini. Maadui wa kinyonga hutoka mara nyingi juu, hasa ndege, na kila kinachomwinamia akiona ni adui. Mtoto anayechungulia kutoka juu, hata akiwa na upendo mwingi, kwake ni mwewe. Tundu liinuliwe juu ya meza au miguu mirefu, hata tawi la juu lipite macho ya watu wa nyumbani. Utaona tofauti siku ile ile: mnyama aliyekuwa mweusi kwa hofu atatulia.

Tukumbuke na siafu. Katika nchi yetu hili si jambo dogo. Kinyonga aliye mwituni akisikia siafu aweza kuhama mti. Aliyefungwa hana pa kwenda, na asubuhi mtakuta mifupa. Dawa yake mama zetu waijua tangu zamani kwa ajili ya kabati la chakula: kila mguu wa tundu usimame ndani ya kopo lenye maji, na juu ya maji tone la mafuta lisikauke upesi. Makopo yaangaliwe kila jioni. Tena tawi lolote la nje lisiguse tundu, maana jani moja tu latosha kuwa daraja.

Maji

Twalikazia neno hili kuliko yote. Kinyonga kwa kawaida hanywi katika bakuli. Maji yaliyotulia hayatambui. Aweza kukaa karibu na sahani iliyojaa, akafa kwa kiu. Yeye hunywa umande na matone ya mvua yanayong'aa juu ya majani. Watoto wengi wenye moyo mwema wameweka kifuniko cha chupa kilichojaa maji, wakalala kwa amani, wasijue kwamba hawajampa mgeni wao hata tone moja.

Njia rahisi ni hii. Chukua kopo safi, toboa tako lake kwa msumari mwembamba sana, tundu moja tu, ulitundike juu ya tundu la mnyama. Litie maji asubuhi, yadondoke tone baada ya tone juu ya majani kwa muda wa saa moja au zaidi. Chini weka bakuli ya kupokea maji, sakafu isiwe tope. Jioni nyunyizia majani kidogo kwa mkono au kwa chupa ya kunyunyizia. Katika mwezi wa sita na wa saba huko Katanga, hewa ikiwa kavu na mavumbi mengi, fanya hivyo mara mbili kwa siku. Usimpulizie maji usoni. Siku ya kwanza huenda asinywe mbele yenu. Ondokeni, mmwangalie kwa mbali.

Utajuaje kwamba ana kiu? Macho yake yatakuambia. Macho ya kinyonga mzima yamejaa, yametokeza kama minara miwili, kila moja hugeuka upande wake. Yakizama ndani, ana kiu sana au ni mgonjwa. Tena utazame choo chake: pamoja na sehemu nyeusi kuna sehemu nyeupe, ndiyo mkojo wake. Nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, maji hayamtoshi. Kinyonga afumbaye macho mchana, hapo jambo limekwisha kuwa zito.

Jua na kivuli

Huko Ulaya na Marekani wafugaji wa vinyonga hununua taa za pekee kwa fedha nyingi, ili waigize jua letu. Sisi tunalo bure, na mara nyingi ndilo tunalomnyima mnyama kwa kumweka sebuleni. Jua lina mwali usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza vitamini D ndani ya ngozi; pasipo vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia chokaa ya chakula, na mifupa hulainika. Ni ugonjwa ule ule wa matege tuuonao kwa watoto wasiotolewa nje. Kinyonga mwenye ugonjwa huo miguu yake hupinda, taya lake huwa laini, na mwisho hashindi kupanda tawi. Kioo cha dirisha huuzuia mwali huo, na taa ya kawaida ya nyumbani haiutoi. Hivyo tundu likae barazani au uani, mahali jua la asubuhi lifikapo.

Lakini jua bila kivuli ni kifo. Nusu ya tundu iwe daima na uvuli, hata jua ligeuke namna gani, ili mnyama achague mwenyewe. Na hapa twawaomba wasomaji wa milimani wasifuate mafundisho ya watu wa nchi tambarare. Kinyonga wa kawaida wa Katanga hupenda kujipasha moto mahali penye nyuzi 28 au 30, na usiku baridi ya kiasi haimdhuru. Kinyonga mwenye pembe tatu wa milima ya Ruwenzori na ya Kivu, ambaye dume wake ndiye mwenye pembe, ni mtu wa ukungu: nyuzi 20 hadi 25 mchana zamtosha, usiku baridi na umande, na joto kali likidumu humwua. Kumchukua huyo mlimani na kumpeleka kwa ndugu anayekaa katika mji wa joto, ati ni zawadi, ni kumpeleka kaburini.

Chakula

Hapa watoto watafurahi, maana kazi yao ni kuwinda. Kinyonga hula wadudu walio hai na wanaojisogeza: nzi, panzi, nyenje, vipepeo, mende wadogo, na kumbikumbi siku za mvua. Senene, ambao sisi wenyewe twawagombania sokoni, naye huwapenda. Mdudu asipite upana wa kichwa cha mnyama. Kinyonga mkubwa atosheka na wadudu wanne au watano kila siku ya pili. Mchanga ale kila siku, wadudu wadogo-wadogo.

Ulimi wake ni ajabu ya kweli. Ukinyooka waweza kupita urefu wa mwili wake, naye humfikia mdudu kabla jicho lako halijaona lolote. Katika mwaka 2016 wataalamu wa Ubelgiji na Ufaransa walipima utelezi ulio katika ncha ya ulimi huo, wakauona ni mzito mara 400 hivi kuliko mate ya mwanadamu. Ndio umshikao mdudu kama gundi. Mtoto aliyeona jambo hilo mara moja hasahau, na hatahitaji tena kutishwa ili aketi kimya.

Wadudu wenyewe walishwe vema. Panzi aliyekaa na njaa kopoini siku mbili ni ganda tupu. Waweke kwanza kwa siku moja pamoja na majani ya mchicha, vipande vya karoti au viazi vitamu, ndipo uwatoe. Mara mbili kwa juma uwapakaze unga wa chokaa: maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kutwangwa mpaka yawe laini kama unga wa muhogo. Wasiofaa ni hawa: kimulimuli, ambaye aweza kuwa na sumu, viwavi wenye manyoya, na wadudu wote waliookotwa katika bustani iliyopigwa dawa. Mende wa nyumba iliyonyunyiziwa dawa usiku ule ni sumu vilevile. Na nyenje wasioliwa watolewe jioni, kwa sababu usiku huja wakamtafuna mwenye nyumba alipolala.

Mkono wa mwanadamu

Wengi huuliza: atazoea lini kuchezewa? Jibu letu ni kwamba hatazoea, wala si lazima. Mbwa hufurahia mkono, mbuzi huuvumilia. Kinyonga huuhesabu kuwa taabu. Atakaa juu ya bega la mtoto kimya, na watu watasema amekuwa mpole, kumbe ameduwaa kwa hofu. Mnyama huyu ni wa kutazamwa. Ikiwa hamna budi kumhamisha, wekeni tawi au mkono mbele ya miguu yake, apande mwenyewe. Msimvute kutoka tawini, maana hushika kwa nguvu hata mguu waweza kuvunjika. Msimshike mkia.

Wala wasiwekwe wawili pamoja. Watoto hudhani ya kuwa yule mmoja ana upweke, wakamletea mwenzake. Kinyonga huishi peke yake; akimwona mwingine karibu kila siku, hata wasipopigana, mmoja huacha kula na kukonda. Kioo cha kujitazamia nacho kisiwe mbele yake.

Baada ya kugusa tundu, maji ya kinywesho au mnyama, kila mtu anawe mikono kwa sabuni. Wanyama wa jamaa ya mijusi, hata wakiwa wazima, waweza kuchukua vijidudu vya salmonela katika choo chao, na hivyo huleta homa na kuhara. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimguse kamwe, na tundu lisikae jikoni.

Jambo la majike

Mtoto hatajua kama ameleta dume au jike, na mara nyingi baba naye hatajua. Lakini ikitokea kinyonga aliyenenepa tumboni anaacha kula, ashuka chini, azunguka sakafuni na kukwangua pembeni, msidhani ana wazimu. Huyo atafuta mahali pa kutaga. Kinyonga wetu wa kawaida hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai makumi kadhaa na kuyafukia. Watoto hutoka baada ya miezi mingi. Jike asiyepata udongo huyazuia mayai tumboni, naye aweza kufa pamoja nayo. Njia iliyo salama ni kumrudisha mara moja mahali alipotolewa. Ikiwa haiwezekani siku hiyo, mpeni ndoo ya mchanga uliochanganywa na udongo, wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 30, mfunike tundu kwa nguo asione watu.

Si wote watagao. Yuko kinyonga mdogo wa nyanda za juu za Kivu, Rwanda na Burundi, aitwaye na wataalamu Trioceros ellioti, ambaye huzaa watoto hai. Huwa wadogo sana, na kila mmoja huanza siku ile ile kujitafutia chakula. Jamaa ikikuta tundu limejaa watoto wa namna hiyo, isijaribu kuwalea. Iwapeleke kwenye ua wa majani na kuwatawanya huku na huku.

Sheria, na biashara

Katika hifadhi za taifa, kama Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925 na Kahuzi-Biega ya mwaka 1970, ni marufuku kumtoa mnyama yeyote, awe tembo au kinyonga. Nje ya hifadhi pia kuna sheria ya mwaka 2014 juu ya ulinzi wa viumbe vya asili, na kabla ya kumfuga mnyama wa mwituni yafaa baba aulize kwanza ofisi ya mazingira ya mahali pake. Wakimkataza, neno limekwisha. Na kama afika mgeni anayewapa vijana fedha kidogo kwa kila kinyonga wanayemletea, wazazi wafumbue macho. Mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 1976, yanataka kibali kwa karibu kila kinyonga apitaye mpaka. Ng'ambo wapenzi wa vinyonga waweza kununua wale waliozaliwa tunduni, hasa kinyonga wa Yemen mwenye kofia kichwani, na hakuna haja ya kuzimaliza nyua zetu.

Na mnyama aliyepelekwa mahali pasipo pake ana mambo yake pia. Mwaka 1972 vinyonga wenye pembe tatu wa Kenya, makumi kadhaa, waliletwa katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, kwa ajili ya duka la wanyama. Walifika wamechoka na kukonda kwa safari. Mwenye duka aliwaonea huruma, akawafungulia bustanini wapate nguvu. Wakapata nguvu wakaenda zao, na hata leo wazao wao wanaishi katika visiwa vile, wakila wadudu na konokono ambao hawapatikani penginepo duniani.

Kumrudisha

Kwa maoni yetu, jamaa yenye kibali na tundu lililojengwa vema na imwalike kinyonga kwa majuma mawili au matatu tu, wakati wa mvua, wadudu wakiwa wengi. Muda huo watosha mtoto kuona anavyolenga, anavyonywa, anavyojivua ngozi, na watosha baba kuona kama kopo la maji hujazwa kila asubuhi bila kukumbushwa. Asipojazwa siku mbili, mnyama arudi kichakani hata kama juma la kwanza halijaisha, bila kelele na bila viboko.

Arudishwe asubuhi, umande ukianza kukauka, kwenye ua ule ule au mti ule ule alipotolewa, si popote. Siku alipookotwa, basi, mtoto atie alama ya kitambaa kwenye tawi. Mwekeni tawini, msogee hatua chache, msubiri. Atatikisika mbele na nyuma kama jani lipigwalo na upepo, atageuza jicho moja kwenu na la pili juu, na baada ya muda kidogo hamtamwona tena.

Siku ile ile tundu lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, likaushwe juani, matawi yachomwe. Na watoto wasiovumilia kumkosa wapewe kazi nyingine. Usiku, mvua ikiwa imekatika, watoke pamoja na baba wakiwa na tochi, wazunguke ua polepole. Kinyonga aliyelala hupauka, na nuru ikimpiga huonekana mweupe kati ya majani, hata wale ambao mchana hakuna ajuaye kwamba wapo. Wahesabiwe bila kuguswa, hesabu iandikwe daftarini pamoja na tarehe, tochi izimwe upesi wapate kulala.